Jino Nililoliacha Pepa

Hakuna aliyeomba kupelekwa kwenye chumba cha meno. Katika hospitali yetu ya Kalemie wauguzi waliomba wodi ya wazazi, kwa sababu huko watu huleta sabuni na kuku. Waliomba chumba cha upasuaji, kwa sababu huko mtu huvaa kofia ya kitambaa na kuheshimiwa. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa baraza, karibu na mahali pa kufulia mashuka, na siku jina langu liliposomwa kwenye orodha ya waliohamishiwa kule, rafiki yangu mmoja alinishika bega kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa.

Neema, muuguzi aliyeshika nafasi yangu, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa uuguzi mambo niliyoyaona katika chumba kile. Alisema niandike yenye faida. Sijui yapi yana faida. Nitaandika yaliyotokea, na faida mtaitafuta wenyewe. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka: ya kwanza hayakuwa mengi, ya pili mnayajua.

Mtu niliyemkuta kule aliitwa Papa Kalunga. Alikuwa Mtabwa wa Moba, mrefu, mkimya, aliyejifunza kung'oa meno misioni tangu ujana wake. Hakuwa daktari wala hakukubali kuitwa daktari. Siku ya kwanza hakuniambia karibu.

"Zaina, nawa mikono."

Nikanawa.

"Nawa tena."

Nikanawa tena, nimeudhika kidogo, maana mimi ni binti wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwani, na kwetu mtu hafundishwi kunawa akiwa mkubwa. Baada ya mara ya tatu alizitazama kucha zangu, moja moja, akasema, "Sasa unaweza kugusa muntu."

Kiti chetu kilikuwa cha chuma, chenye kanyagio la kukiinua na kukishusha. Kanyagio lilikuwa limekufa zamani. Mgonjwa mfupi aliwekewa mto, mrefu aliambiwa ateleze kidogo. Taa ilikuwapo, umeme ndio uliokuja ukipenda. Kwa hiyo Papa Kalunga alikuwa amekigeuza kiti kitazame dirisha, na dirisha lilitazama ziwa. Jua la Kalemie linatoka ziwani. Tangu asubuhi mpaka karibu saa tano mwanga uliingia moja kwa moja mpaka kwenye magego ya mwisho, na ndipo tulipong'oa. Baadaye chumba kilipokuwa na kivuli tulichemsha vyombo. Nimesikia watu wakisema wauguzi wa meno ni wavivu kwa sababu mchana huwakuti wakifanya kazi na watu. Hatukuwa wavivu. Tulilifuata jua.

Vyombo tulivichemsha katika sufuria nzito ya mvuke, yenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kila koleo lilikuwa na jino lake: la magego ya chini lina mdomo uliopinda kama wa kasuku, la meno ya mbele limenyooka. Tuliyahesabu makoleo asubuhi, tukayahesabu tena kabla ya kufunga mlango. Sikuwahi kujua Papa Kalunga alimshuku nani. Nadhani aliushuku usahaulifu.

Wiki yangu ya pili aliingia mwanamke muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, shavu limevimba mpaka jicho la kushoto limekuwa mstari. Nilidhani tutampiga sindano aende zake. Papa Kalunga aliketi mbele yake kama mtu aliyekuja kupiga soga, akamuuliza mambo matatu.

"Mama, vidole ngapi vinaingia mu kinywa?"

Akajaribu. Viwili na nusu.

"Mate unameza?"

Alikuwa anameza.

"Ukilala chali, pumzi inapita vizuri?"

Ilipita. Ndipo aliponigeukia. "Huyu anaweza kungoja vyombo vichemke. Kama angesema hapana kwa moja tu, sasa hivi tungekuwa tunakimbia."

Maswali hayo matatu ndiyo shule yangu. Mengine niliyoyasoma baadaye, kwa Kifaransa, katika vitabu vizito, yalikuwa maelezo yake.

Alimpiga mama yule sindano ya ganzi, akachanja kidogo kwenye ufizi kwa kisu chembamba cha bisturi, na usaha ukatoka. Harufu yake sitaieleza. Wale ambao hamjakutana nayo mtakutana nayo. Mimi nililitazama ziwa kwa bidii sana. Kisha akang'oa gego lililooza. Alipomaliza, kichwa cha mama yule kilianguka upande, midomo wazi. Nikamrukia kumshika mshipa wa mkono.

"Muache," Papa Kalunga alisema. "Hajalala siku ine."

Na kweli, alikuwa anakoroma. Tulimwacha palepale kitini mpaka jua lilipohama.

"Dawa ni nzuri," Papa Kalunga aliniambia akiwa ananawa. "Lakini usaha hausikii dawa peke yake. Unataka mulango. Na ile jino iliyouleta ikibaki, usaha utarudia."

Nilikaa naye miaka mingi. Niliona watu waliojaza karafuu kwenye tundu la jino, na hao sikuwalaumu. Niliona aliyechoma jino kwa msumari wa moto. Niliona dereva aliyedondosha maji ya betri ya gari kwenye gego lake. Jino lilibaki kama lilivyokuwa. Mdomo ndio ulioungua. Nilipomuuliza nani alimshauri, alisema shemeji yake. Nikamuuliza kama shemeji ana meno. Akafikiri, akasema, "Mbili."

Papa Kalunga alipostaafu alirudi Moba, na huko ndiko alikozikwa. Aliniachia makoleo yamehesabiwa na kiti kimegeuzwa dirishani. Nikawa mimi ndiye Mama wa meno.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Kila mwaka mafuta yalipopatikana, hospitali ilituma kikosi kidogo kwenda kutibu watu wa mbali. Mwaka mmoja tulikwenda Pepa. Kutoka Kalemie unashuka kwa boti mpaka Moba, halafu unapanda milima ya Marungu kwa lori. Watu wa ziwani huwa tunasahau kwamba jimbo letu lina baridi. Kule juu wachungaji huvaa makoti mazito, na ng'ombe husimama kwenye ukungu kama mawe. Tulikaa siku mbili. Niling'oa meno mpaka kidole gumba kikafa ganzi bila sindano.

Siku ya pili, mchana, tulikuwa tumekwisha kufunga. Sufuria ya mvuke ilikuwa garini, makaa yamemwagiwa maji. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani na dereva alikuwa anapiga honi, kwa sababu ile barabara ikinyeshewa huwa sabuni. Ndipo akaja mchungaji mmoja, mtu wa makamo, kofia ya sufu kichwani, anatembea polepole kama mtu ambaye hajawahi kupigiwa honi maishani mwake. Jina lake Papa Mwenge.

Nilimwangalia akiwa amesimama. Gego la chini, la mwisho, upande wa kulia, limeoza mpaka mzizini. Chini ya taya kulikuwa na uvimbe mdogo, kama mbegu ya embe. Nilimuuliza maswali yangu matatu. Vidole vitatu viliingia. Mate alimeza. Kulala alilala vizuri.

"Linauma?"

"Kidogo tu, Mama. Likisikia baridi."

Nilijua la kufanya. Nilipaswa kushusha sufuria, kuwasha makaa upya, kuchemsha, kung'oa. Saa moja na nusu, labda mbili. Dereva akapiga honi tena. Nikatoa pakiti ya vidonge.

"Papa, umeze hivi vyote, asubuhi, mchana na jioni, mpaka viishe. Vikiisha, ushuke Moba, wakung'oe hilo jino."

Akacheka. "Moba? Na ng'ombe nitamwachia nani?"

Nilicheka naye. Hapo ndipo nilipokosa. Alikuwa ameniambia wazi kwamba hatakwenda, nami nilimsikia, nikapanda lori. Mvua, kwa taarifa yenu, haikunyesha.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja nilikuwa nahesabu makoleo, nikasikia pikipiki ikisimama karibu kabisa na baraza, mahali ambapo pikipiki haziruhusiwi. Watu wawili walikuwa wanamshusha mtu wa tatu. Alikuwa ameinamia mbele, ameshikilia kitambaa chini ya kidevu, na mate yalikuwa yanamtiririka bila kukoma. Shingo haikuonekana: kidevu na kifua vilikuwa vimeunganishwa na uvimbe mmoja. Sikumtambua. Niliitambua kofia.

Mke wake, Mama Stefania, alinitambua mara moja, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona ndugu ugenini.

"Mama, njo weye ulikuya kwetu Pepa! Ulimupa vidonge. Alivimaliza vyote, hata kimoja hakutupa. Uvimbe ukaisha. Halafu juzi ukarudia, na leo hawezi sema. Tulilala mu boti na yeye ameketi. Akilala anakosa pumzi."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaeleza jinsi walivyonitii. Ningependa kama angenitukana.

Nilivaa glovu nikapitisha kidole kimoja kati ya meno. Kidole kimoja ndicho kilichoingia. Ulimi ulikuwa umeinuka mpaka karibu na kaakaa, na chini yake, mahali ambapo panapaswa kuwa laini, palikuwa pagumu kama ubao, pande zote mbili. Swali la kwanza, hapana. La pili, hapana. La tatu, mke wake alikuwa amekwisha kulijibu.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa amekwenda Kabalo kwa treni, na mvua zilikuwa zimekata reli, kwa hiyo hakuna aliyejua atarudi lini. Aliyebaki alikuwa Dokta Ilunga, kijana aliyemaliza masomo Lubumbashi, ambaye alikuwa kwetu kwa miezi michache tu. Alikuja mbio, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaambia watu wamlaze mgonjwa kitandani ili ampime.

"Asilale!" nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia daktari kelele kabla ya hapo wala baada yake. "Dokta, akilala, ulimi unafunga koo. Apimwe ameketi."

Alisimama, akamtazama mgonjwa, akanitazama mimi. Kisha akanivuta pembeni, akanena kwa sauti ndogo.

"Mama Zaina, hii niliisoma. Sijaiona."

"Mimi niliiona mara mbili, na Papa Kalunga."

"Walipona?"

"Mmoja tulimkata siku ileile. Alipona."

"Na mwingine?"

"Mwingine tuliambiwa tungoje."

Alijaribu kumpigia simu yule daktari wa upasuaji huko Kabalo. Mtandao ulikataa, ukakubali, ukakataa. Mara ya nne sauti ilisikika kwa mbali, na Dokta Ilunga akaelezea haraka haraka. Tulisikia jibu sote wawili: "Musimupe dawa ya usingizi. Mukate ameketi, leo, sasa. Na muweke tayari bomba ya koo, kama pumzi ikikata—" Kisha mtandao ukakatika. Lakini yalitosha.

Nilimwekea sindano ya mshipa na dripu ya serumu, dawa kali mbili za kuua vijidudu zikaanza kuingia. Huku vyombo vikichemka nilipiga magoti mbele ya kile kiti cha chuma, ambapo tulikuwa tumemketisha, ili anione usoni.

"Papa Mwenge, usaha umekaa chini ya ulimi na chini ya taya. Tutafungua hapa na hapa, kwa nje. Tutapiga ganzi, lakini utasikia kidogo. Usiruke. Ukikosa pumzi, nipige mkono."

Hakuweza kusema. Aliitazama bisturi iliyokuwa kwenye trei, kisha akapitisha kidole chake shingoni toka sikio hadi sikio, polepole, na kuinua nyusi. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Alijua visu na shingo.

Mama Stefania, ambaye alikuwa analia, akaangua kicheko. "Eti munamuchinja?"

"Hapana, Papa," nilisema. "Ng'ombe tungemfunga miguu."

Niliona macho yake yakicheka kidogo. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, na hakuuachia mpaka tulipomaliza kukata. Muda wote huo nilifanya kazi kwa mkono mmoja.

Jua lilikuwa bado dirishani. Dokta Ilunga alichora mstari chini ya taya la kulia, vidole viwili chini ya mfupa, kama nilivyomwonyesha, ili asiguse mshipa wa fahamu unaosogeza mdomo wa chini. Akakata. Damu kidogo ikatoka, na hakuna kingine. Akanitazama. Niliona jasho limemjaa juu ya barakoa.

"Bado, Dokta. Ingia na koleo jembamba lililofungwa, ulifungulie ndani. Elekea juu, kwenye ulimi."

Akaingia. Akalifungua. Hakuna kitu. Mgonjwa alikuwa anavuta pumzi kwa sauti, kama msumeno unaokwama kwenye ubao mbichi, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Nilimwona Dokta akiangalia upande wa bomba la koo tuliloliweka tayari kwenye trei. Nilikuwa nimeanza kusoma Fatiha moyoni, na katikati nikasahau inavyoendelea, mimi niliyeisoma tangu utotoni.

"Juu zaidi," nilisema.

Akasukuma zaidi, akafungua, na maji ya rangi ya chai yenye harufu ile ile ninayoijua yakatoka kwa nguvu, yakafika mpaka kwenye aproni yangu. Safari hii sikulitazama ziwa. Nilitazama kila tone. Akakata upande wa kushoto, akakata na katikati chini ya kidevu, na kote humo kukatoka. Nilikata vidole vya glovu iliyochemshwa, tukavifanya vipande vyembamba, tukaviingiza kwenye majeraha na kuvishona, ili milango ile isijifunge kabla ya wakati.

Kisha tukangoja. Mama Stefania alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa kitenge. Na hapo nikasikia sauti ndogo sana, ya kawaida kabisa, ambayo mnaisikia mara elfu kwa siku bila kuijali. Papa Mwenge alikuwa amemeza mate.

Akameza tena, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama kweli umefunguka. Kile kitambaa kilichokuwa chini ya kidevu hakikulowa zaidi. Ule msumeno ulitulia. Nilitaka kusema neno kwa Dokta Ilunga, nikageuka, nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka kama mtoto, glovu zikiwa mikononi bado.

"Mama," alisema, "naomba kukaa hapa dakika moja."

Nilimwambia akae hata kumi.

Siku mbili baadaye kinywa kilikubali vidole viwili, na mimi mwenyewe niling'oa lile gego. Lilitoka kwa urahisi wa kuudhi. Kazi ya dakika tano. Nililiweka kwenye bakuli, nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikamwambia ilivyokuwa: kwamba siku ile Pepa nilijua jino lile lilipaswa kutoka, nilijua hatashuka Moba, na nikampa vidonge kwa sababu vyombo vilikuwa vimefungwa na dereva alikuwa anapiga honi.

Sikuwa na haja ya kumwambia. Hakuna mtu hospitalini aliyejua, na yeye mwenyewe alikuwa ananishukuru kila asubuhi mpaka nikawa napita dirisha lake upesi. Lakini shukrani zile zilikuwa zinanielemea kuliko matusi.

Sauti ya Papa Mwenge ilikuwa bado nzito, maneno yanatoka moja moja.

"Mama Zaina, ng'ombe wangu akiumwa kwato, sitoki mu zizi mbele ya kuiangalia vizuri. Hata mvua ikuye."

"Najua, Papa."

"Ulikosa."

"Nilikosa."

Akaligeuza lile jino kwenye bakuli kwa kidole, akalitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyekamatwa. "Na mi nilikosa. Jino ni yangu, si yako. Ulisema Moba, nikacheka." Akalisukuma bakuli kando. "Lakini siku ile ya kisu, mukono wako haukukimbia. Basi. Tuache."

Angeniambia kwamba sikukosa, ningeendelea kulibeba lile jino mpaka leo. Aliniambia nilikosa, kisha akasema tuache. Nilitoka barazani, nikaona nimesimama kwenye jua nikipumua kama mimi ndiye niliyekatwa. Nilikuwa mwepesi mpaka nikaogopa.

Alirudi Pepa akiwa na makovu matatu chini ya kidevu. Mwaka uliofuata boti ilituletea jibini ya Marungu imefungwa kwa majani, haina barua. Dokta Ilunga alisema ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyekata. Tuligawana.

Tangu siku hiyo, kila tulipotoka kwenda mbali, niliweka seti moja ya vyombo imechemshwa na kufungwa kwenye kitambaa chake mpaka mtu wa mwisho aondoke. Na kabla ya kuanza kazi niliomba ufunguo wa gari, nikautia kwenye mfuko wa aproni yangu. Madereva walilalamika kwa wakubwa. Mmoja aliniita Mama Mukali mpaka Kongolo na kurudi. Lakini gari bila ufunguo haliendi popote, na honi yake, niliona, hupoteza nguvu.

Nimebakiza jambo moja, nalo linanihusu mimi.

Miezi michache kabla ya kuondoka, karatasi zangu za kustaafu zilikuwa zimefika na zimelala mezani bila sahihi. Kila aliyeuliza nilimwambia kuna jambo namalizia. Hakukuwa na jambo. Nilikuwa naogopa kukiacha chumba. Neema alikuwa amefanya kazi nami kwa miaka kadhaa. Binti wa Kongolo, mpole, anayesema kwa sauti ndogo mpaka wagonjwa wanainama kumsikia. Nilijiambia upole wake utamponza siku atakapokutana na kesi ngumu.

Wakati huohuo gego langu la juu lilikuwa linauma. Mimi, Mama wa meno, nilikuwa nalitia karafuu kila asubuhi, namwambia mume wangu ni mafua. Siku moja niliamka uso umevimba. Nikajifunga kitenge kichwani na shavuni, nikaenda kazini, nikaketi nyuma ya meza, nikajifanya naandika ripoti.

Neema alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama, toa kitenge."

"Ni baridi tu."

"Hapa Kalemie?"

Nikatoa. Alitazama, akaenda kuwasha makaa. Nilimfuata kwa maneno: kwamba nimekwisha kumeza vidonge, kwamba uvimbe umepungua tangu asubuhi, kwamba wagonjwa wanangoja nje, kwamba kesho. Nilisikia maneno yote niliyoambiwa na watu kwa miaka yangu yote ya kazi yakitoka kinywani mwangu, kwa mpangilio uleule.

"Vidonge nitakupa, Mama," alisema kwa sauti ile yake ndogo. "Keti kwanza."

"Neema, mimi ndiye mkubwa wa chumba hiki."

"Ndiyo, Mama. Keti."

Niliketi. Sikuwa nimewahi kuketi kwenye kiti kile. Ni cha baridi, na kanyagio linaugusa mguu mahali pabaya. Nilifumba macho. Nilisikia sindano, kisha msukumo, kisha chumvi na uchungu mdomoni, na mara hiyo hiyo ule uzito uliokuwa umenibana jicho na sikio kwa wiki nzima ukaachia. Machozi yakanitoka, si ya maumivu. Kisha akashika jino, akalizungusha, hakuharakisha, hakusita. Likatoka.

Niliambiwa baadaye kwamba nililala palepale, na kwamba wagonjwa watatu waliokuwa nje waliingia mmoja mmoja kunitazama nikikoroma, wakakubali kutibiwa bila ubishi wowote.

Nilipoamka nilitia sahihi karatasi zangu. Neema alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka kama mkono wake ulikuwa mzito.

"Kidogo," nilimwambia, maana alistahili ukweli. Kisha nikaenda nyumbani, nikapika bukari, ugali wetu, na ndagala, nikala kwa pande zote mbili za kinywa.